Chora Nguzo Kabla ya Paa

Mchoraji anayeanza akiambiwa achore kibanda cha bustani, huanza na paa. Hupiga pembetatu kubwa, akaijaza mistari, kisha ndipo akatafuta pa kuziweka nguzo. Kibanda hutoka kama mwavuli uliochomekwa mchangani.

Nami nilichora hivyo kwa miaka mingi. Aliyeniongoza ni mzee mmoja mwezekaji wa Takaungu, ambaye sijapata kumwona ameshika penseli. Wageni wenye daftari hukimbilia mawe ya kale ya mji ule, ya enzi za Wamazrui waliohamia huko baada ya Sayyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837. Mimi nilikaa shambani chini ya miembe, mzee akijenga kibanda cha kupumzikia, mkono wa bahari ukionekana bondeni nyuma ya mikoko. Akachungulia karatasi yangu.

“Mwanangu, hilo paa limelalia nini?”

Nikafuta. Nikaanza alipoanzia yeye, yaani ardhini.

Alichimba mashimo manne. Nami nikaweka nukta nne. Mashimo yenyewe ni mraba, lakini aliyekaa pembeni haoni mraba: yale mawili ya nyuma husogeleana, na kwenye karatasi hukaa juu kidogo kuliko ya mbele. Nukta hizo zikikaa sawa, kibanda kimeshasimama kabla hujapiga mstari hata mmoja. Hapo mwanafunzi asiwe na haraka.

Kisha nguzo. Ni za mkoko, na mti wa mkoko una vifundo na kupinda kwake, kwa hiyo rula iwekwe mbali. Juu yake hulala miamba, na hapo macho ndiyo mwalimu: boriti iliyo juu ya usawa wa macho yako huonekana ikishuka kadiri inavyokwenda mbali, na mstari wa sakafuni huonekana ukipanda. Baada ya miamba, makombamoyo. Juu ya makombamoyo, fito zilizofungwa kwa kamba ya makumbi. Zichore zote, hata zile zitakazofichwa na makuti. Mzee naye alizifunga zote.

Sasa kuti. Makuti ya kumba yanafaa uani. Paani panatakiwa ya viungo. Nililishika moja mkononi: majani ya mnazi yamekunjwa juu ya kijiti, yakashonwa moja baada ya jingine yakibanana, ncha zake zikining'inia. Mwezekaji huanza upenuni akapanda kuelekea kileleni, ili kila safu iilalie ya chini yake na maji yateremke nje. Penseli nayo ianzie upenuni. Usichore kila jani, utachoka na paa litakuwa kama manyoya. Chora kivuli chembamba chini ya kila safu, kisha vistari vifupi vinavyofuata njia ya mvua. Ncha zilizochanika uziache zionekane upenuni tu, kwani huko ndiko zinakopigwa na mwanga.

Mwanga wa huku una tabia yake. Takaungu haifiki nyuzi 4 kusini ya ikweta, na Machi na Oktoba hupita siku ambazo jua la adhuhuri husimama utosini. Kivuli hakitoki nje ya kibanda. Hujikusanya chote chini ya paa. Weka giza zito nyuma ya upenu, ardhi ya nje uiache nyeupe kama karatasi ilivyo. Kibanda kitaita mtu aingie akae.

Alasiri mzee alishuka, akajifuta mikono, akaomba kuona. Aliuangalia mchoro muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaweka kidole kwenye safu ya tatu, upande wa kushoto, nilipokuwa nimeichomeka ya juu chini ya ya chini.

“Hapa patavuja.”

Nikachukua raba.