Wimbo wa Cowper na Wasiwasi wa Moyo

Watu wengi hudhani kuwa wimbo wa ibada wenye kufariji hauna budi kutungwa na mtu aliyekwisha kupata utulivu. Huyaona maneno yake ni kama mwito wa mtu aliye pwani kavu, akiwaita wenzake walio majini. Dhana hiyo haisimami mbele ya habari za William Cowper, mshairi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1731 na kufariki mwaka 1800. Wimbo wake juu ya njia za siri za Mungu ulitiwa katika kitabu cha Olney Hymns cha mwaka 1779 chini ya kichwa chenye maana ya nuru ing'aayo kutoka gizani, nao huimbwa hata leo. Lakini aliyeutunga alikuwa mmoja wa wale walio majini.

Msiba wa Cowper ulianzia katika jambo ambalo mwanafunzi yeyote atalifahamu upesi, nalo ni mtihani. Mwaka 1763 jamaa yake alimtafutia kazi ya ukarani katika Baraza la Malodi mjini London. Walitokea wapinzani, akaambiwa kuwa sharti asailiwe mbele ya Baraza ili ijulikane kama aiweza kazi hiyo. Kwa miezi kadhaa alikwenda ofisini kusoma madaftari, lakini kadiri siku ilivyokaribia ndivyo hofu ilivyomzidi, hata akajaribu kujitoa uhai. Alipelekwa St Albans kwa Dakta Nathaniel Cotton, aliyewatunza wagonjwa wa akili kwa upole. Huko, mwaka 1764, alipokuwa akisoma Waraka kwa Warumi, alijisikia amesamehewa, na moyo wake ukapata nafuu. Tuangalie kwamba tabibu na Biblia walikuwa chini ya dari moja, wala hakuna aliyemfukuza mwenziwe.

Baadaye alihamia Olney, alikokuwako kasisi John Newton. Wawili hawa walifanya shauri la kuwatungia nyimbo waumini wa mji ule, ambao wengi wao walikuwa maskini. Newton alitunga nyingi zaidi, na Cowper akatunga zaidi ya 60. Mmojawapo, unaosimulia chemchemi ya damu, umo hata katika Tenzi za Rohoni zinazoimbwa kwa Kiswahili.

Sasa tuutazame wimbo wenyewe. Una beti sita, kila ubeti una mishororo minne, na mshororo wa mizani 8 hufuatwa na wa mizani 6. Umbo hilo ni fupi, jepesi kushikwa na asiyejua kusoma. Katika ubeti wa tatu mshairi awageukia wasikilizaji, na jina awapalo ni la ajabu: awaita watakatifu, na papo hapo awaita wenye hofu. Maneno hayo mawili yamekaa bega kwa bega, wala mshairi haombi radhi. Kwake yeye, mtu hatoki katika jamii ya waumini kwa kuwa moyo wake unatetemeka.

Kisha yaja mfano wa mawingu. Mshairi asema mawingu wayaogopayo ndiyo yaliyobeba rehema. Mwingereza, aliyezoea kulitazama wingu jeusi kama adui wa siku njema, hana budi kushawishiwa akubali neno hilo. Mkulima wa Ukambani hahitaji kushawishiwa, maana yeye huyatazamia mawingu mazito kwa shauku. Lakini uzuri wa mfano huu umo katika jambo jingine. Mshairi hasemi kwamba wingu litaondolewa ili rehema ije. Wingu lile lile linalotisha ndilo litakalopasuka na kumwaga baraka. Mwenye wasiwasi haahidiwi mbingu nyeupe. Aambiwa ajipe moyo mbingu zingali nzito.

Si kila ubeti ulio na nguvu hizo. Ubeti wa mwisho wakemea kutoamini na kukuita upofu, na hapo twamsikia mhubiri akimnyang'anya mgonjwa kalamu. Karipio halimtulizi mtu mwenye hofu. Humwongezea hofu ya pili, yaani ya kuiogopa hofu yake mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 1773, muda mfupi baada ya kuutunga wimbo huu, Cowper alianguka tena katika ugonjwa. Aliota ndoto iliyomfanya aamini kuwa Mungu amemtupa, na tangu hapo hakuingia tena kanisani kuabudu. Bibi Mary Unwin alimwuguza kwa miaka mingi. Cowper alilima bustani, akafuga sungura watatu, akawaandikia rafiki zake barua zilizojaa uchangamfu. Lakini shairi lake la mwaka 1799, juu ya baharia aliyeanguka baharini, halina faraja.

Je, wimbo ulikuwa uongo? Wako watakaosema kuwa dawa isiyomponya mganga si dawa. Hoja hiyo ni nzito, lakini yaipima ibada kwa kipimo kimoja tu, yaani kuondoka kwa hofu. Zaburi ya 88 yaishia gizani, bila neno la furaha, na hata hivyo waliokusanya Zaburi hawakuitupa. Waliona kuwa kumlilia Mungu katika giza nako ni ibada. Cowper naye aliacha maneno ambayo mwenye hofu aweza kuyashika pamoja na wenzake, hata siku ambayo yeye peke yake hana sauti. Kanisa liliendelea kuyaimba kwa niaba yake pale yeye alipoyashindwa.

Kwa hiyo kijana asomaye habari hizi, akiona moyo wake wapiga mbio usiku wa kuamkia mtihani, asidhani kuwa imani yake imekufa. Na aimbe ikiwa aweza. Asipoweza, na akae karibu na waimbao. Tena asione haya kumwendea mwalimu, mzazi au tabibu. Cowper aliwahitaji Cotton, Newton na Bibi Unwin, na hitaji hilo halikuupunguzia wimbo wake thamani hata kidogo.