Mkono Unaochuma

Shamba huvunwa, bustani huchumwa. Mwenye shamba la mahindi huingia na magunia siku chache katika msimu mzima, akavuna, akamaliza. Mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba huingia jioni na ungo, maji ya ugali yakiwa tayari jikoni, akatoka na kitoweo cha mlo mmoja tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mengine yote: bustani ikae wapi, tuta liwe na upana gani, ipandwe mboga ipi na iachwe ipi. Wengi huanzisha bustani wakifikiria kupanda. Fundi huanza kwa kufikiria kuchuma, kisha hurudi kinyumenyume hadi kwenye mbegu.

Tuanze na mahali. Mabwana shamba husema tafuta jua na maji, na ni kweli, mchicha haupendi kivuli. Lakini bustani iliyo mwisho wa kiwanja, huko nyuma ya banda la kuku, hata ikipata jua la kutosha, itachumwa Jumamosi kwa Jumamosi, na mboga ya majani haingoji Jumamosi. Iwe hatua chache kutoka mlango wa jikoni, pale ambapo maji yaliyooshea mchele yanamwagwa bila safari. Wachaga wa Kilimanjaro walilijua hili zamani sana. Katika kihamba nyumba imo ndani ya shamba lenyewe, imezungukwa na migomba, mibuni, magimbi na mboga, na anayepika huchuma akiwa katika pitapita zake.

Tuta nalo lisizidi mita moja kwa upana. Kipimo hicho kimetoka mkononi. Mtu aliyechuchumaa hufikia nusu mita na kidogo bila kuanguka kifudifudi, kwa hiyo akichuma upande huu kisha upande ule, tuta zima limefikiwa na hakuna mguu uliokanyaga udongo. Udongo uliokanyagwa hujifunga, mizizi hukosa hewa, maji yakatuama juu.

Wenzetu wa Ulaya huanza bustani zao majira ya kuchipua, wakingoja ardhi ipate joto na jalidi ya mwisho ipite. Sisi wa pwani joto tunalo, la kutosha na kubaki. Tunachongoja ni maji, nayo huja mara mbili, masika kuanzia Machi na vuli kuanzia Oktoba. Ningeulizwa, ningemwambia anayeanza aanze na vuli. Mvua ya Aprili Dar es Salaam haina adabu. Hufukua mbegu ndogo, hurusha matope kwenye majani, hulowesha kitalu mpaka miche ikaoza shingoni na kulala chini, ugonjwa ambao wakulima huuita kinyausi. Vuli ni mvua ya vipindi. Inaweza kukuhadaa, inyeshe siku mbili kisha ikae kimya wiki nzima, lakini bustani ya hatua chache kutoka jikoni ina ndoo.

Kuhusu udongo, ule wa Kigamboni au Mbagala, hapo hapo Dar, ni kichanga: maji hupita na chakula cha mmea hupita nayo. Dawa yake ni samadi iliyooza, ichanganywe na udongo wiki mbili tatu kabla ya kupanda. Samadi iliyoiva hainuki zizi. Ukiifinyanga inavunjika mkononi na kunukia udongo. Mbolea mbichi ya kuku huunguza miche, ikae kwanza kwenye lundo. Mengine yatanunuliwa baadaye, au yasinunuliwe kabisa. Mchagua jembe si mkulima, na nimeona bustani zenye glavu mpya, mpira wa maji wa rangi ya kijani na hakuna jani la kula.

Mbegu ya mchicha ni ndogo kiasi kwamba gramu moja ina zaidi ya 1,000. Mkono mtupu hauwezi kuigawa. Ndiyo maana huchanganywa na mchanga mkavu ndipo ikatawanywa, ikafunikwa na udongo kidogo mno na nyasi juu yake ili sisimizi na jua wasiimalize. Hata hivyo itaota kwa kubanana. Hapo ndipo mgeni wa bustani anapoona uchungu, kwa sababu anaambiwa ang'oe miche yake mwenyewe. Asione uchungu. Kufikia wiki ya tatu miche hiyo ni mboga laini kuliko yoyote utakayoila msimu huo. Kupunguzia ndiko kuchuma kwa kwanza, na kila mche ung'olewao humpa jirani yake nafasi ya kutanua majani.

Sasa tufike kwenye ufundi wenyewe, ambao wauza mbegu hawauandiki kwenye pakiti. Kila mboga ina mahali pake pa kuguswa. Mchicha uliobaki baada ya kupunguziwa hukatwa ncha, sentimita 15 hivi kutoka ardhini, juu kidogo ya jani. Ncha ya mmea hutengeneza kichocheo kinachoshuka kwenye shina na kuvizuia vichipukizi vya pembeni visikue. Ukiiondoa ncha, kizuizi kimeondoka, na kila kichipukizi kilichobaki chini hutoa tawi. Shina moja linakuwa manne. Asiyejua huchuma jani mojamoja kutoka chini kwa huruma, akaiacha ncha ipande juu mpaka itoe ua, na mchicha ukishatoa ua majani yake hukakamaa. Huruma yake ndiyo iliyoumaliza.

Sukuma wiki ni kinyume kabisa. Hapo ncha haiguswi. Unachuma majani ya chini yaliyokomaa, ukiyavunja kwa kuyasukuma chini kwa dole gumba pale yanaposhika shina, ukiyaacha ya juu yaendelee na kazi ya kulisha mmea. Shina hurefuka mwezi hata mwezi, likiwa na alama za kila jani lililoliwa, na majani yamebaki juu kileleni. Tabia hiyo ndiyo iliyoufaa mmea huu Kibera, Nairobi, ambako mwaka 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisaidia familia kulima kwenye magunia. Gunia hujazwa udongo, katikati pakawekwa mawe ili maji yashuke hadi chini, na miche ikapenyezwa kwenye matundu ya pembeni. Kwa mboga inayong'olewa mara moja, gunia lingekuwa kazi kubwa kwa mlo mmoja. Kwa mboga inayochumwa jani kwa jani, ukubwa wa meza ndogo unalisha nyumba.

Matembele hukatwa vichwa, kwa wingi na bila woga, kwa kuwa kila kipande cha shina lake ni mbegu. Lakini anayetaka viazi pia azuie mkono wake: jani linaloingia chunguni ni jani ambalo halikulisha kiazi. Kisamvu ni vivyo hivyo na muhogo wake. Kunde huchumwa majani machanga kabla haijaweka maganda. Mnafu utolewe maua kila yanapoonekana, maana ukishapata tunda hauoni tena sababu ya kuota majani.

Na mnafu haukusubiri kupandwa. Mvua ya kwanza ikigusa samadi, huota wenyewe kati ya mistari, pamoja na mgagani na mchicha pori, na hapa mkono unapaswa kujua zaidi ya jembe. Kwa miaka mingi mboga hizi zilihesabiwa magugu, hata na wasomi wa kilimo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia alikulia magharibi mwa Kenya, na utotoni nyama, samaki, maziwa na mayai vilimdhuru. Mboga za asili ndizo zilizomlea. Baadaye alizifanya kazi yake ya utafiti, zikatoka vichakani zikaingia maabara na masoko ya mjini. Basi kabla ya kupalilia, chuchumaa na utazame. Mgagani una vijani vitano vilivyoshikana kwenye kikonyo kimoja, na uchungu wake hulainishwa kwa maziwa. Mnafu usiguswe vitunda vibichi, huchumwa majani tu. Yasiyolika yang'oe na uyatandaze hapohapo juu ya tuta yazuie unyevu usipotee.

Mchumo mgumu kuliko yote ni ule usiofanywa. Katika kila tuta la mchicha kuna shina moja lililonenepa, lenye majani mapana, lililochelewa kutoa ua kuliko wenzake. Hilo ndilo jioni zote mkono hulielekea kwanza, na ndilo linalopaswa kuachwa. Lifunge kitambaa chekundu mapema, maana watoto na wageni huchuma kilicho bora. Suke likianza kukauka lipukutie juu ya ungo, upepete, ukaushe mbegu kivulini na uzitie kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Shina moja hutoa maelfu kwa maelfu: zitatosha tuta lako, la dada yako, na la yule jirani anayepita kila Jumapili kuomba fungu la mchicha. Mpe mbegu vuli ikikaribia, na umwambie ukweli kwamba Jumapili ijayo hutakuwa na fungu la kumpa.