Sikiliza Kwanza, Tazama Baadaye: Kuipima Chaneli ya Gemu kwa Ajili ya Mtoto

Wazazi wengi wakitaka kujua kama chaneli ya gemu inamfaa mtoto, hukagua gemu yenyewe: ina damu? Ina bunduki? Swali hilo lina jibu la haraka. Ulaya kuna alama za PEGI tangu 2003, zenye ngazi za miaka 3, 7, 12, 16 na 18. Minecraft imepewa 7, Grand Theft Auto V imepewa 18. Tafuta jina la gemu, soma alama, basi.

Lakini alama hiyo ni ya gemu. Anayeicheza huku akiongea hajapimwa na mtu. Minecraft hiyohiyo huchezwa na mstaarabu na huchezwa na mtukanaji, na alama haibadiliki. Mtoto hukaa saa nzima na sauti ya huyo mtu, kwa hiyo mpime yeye.

Anza na sikio. Chagua video ndefu, ruka mwanzo uliopambwa, nenda katikati. Laza simu kifudifudi usikilize dakika kumi. Kama lugha ni ngeni kwako, igeuze simu na uwashe maandishi ya chini. Ngojea mchezaji ashindwe, maana hapo ndipo tabia yake hutoka. Je, anatukana? Anamlaumu mwenzake, au anamcheka anayejifunza? Mchezaji mzuri hucheka, kisha hueleza kosa: hakuweka mienge ya kutosha, giza likazaa mazimwi. Mwingereza Joseph Garrett, maarufu kama Stampy, alijenga jina kwa Minecraft isiyo na tusi hata moja. Alianza video kwa kula keki na kuandika jina la mtazamaji kwenye bustani yake. Watoto walimfuata kwa mamilioni, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba bila matusi gemu hainogi.

Kisha picha ya jalada. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mdomo uliopanuliwa, mishale myekundu na ahadi isiyotimizwa ndani ya video ni dalili ya mtu anayewinda vidole vya watoto. Angalia pia vitisho vilivyovaa sura ya vikaragosi. Huggy Wuggy wa Poppy Playtime, mwanasesere wa buluu mwenye meno mengi, na wanyama wa mitambo wa Five Nights at Freddy's huonekana kama vitu vya kuchezea, ilhali wote wametoka kwenye gemu za kutisha.

Mchezaji anataka nini kwa mtoto? Hesabu mara anazoomba: bonyeza, jiandikishe, tumia msimbo wangu ukinunua Robux, sarafu ya kununulia vitu ndani ya gemu. Ombi moja mwishoni ni adabu ya biashara. Ombi kila baada ya dakika mbili ni kukausha mfuko wako. Mwenye kufungua masanduku ya bahati, yale yanayonunuliwa bila kujua kilichomo, mbele ya kamera mtilie shaka zaidi, kwa sababu mtoto huona anavyoshinda, haoni alivyopoteza. Mwaka 2017 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilimaliza shauri la watangazaji wawili waliokuwa wakisifu tovuti ya kamari ya CSGO Lotto bila kuwaambia watazamaji wazi kwamba ni yao.

Soma alichotangaza mwenyewe. Google, mmiliki wa YouTube, ilikubali kulipa dola milioni 170 mwaka 2019 katika kesi ya faragha ya watoto, na tangu Januari 2020 video za YouTube zilizotajwa kuwa za watoto hufungwa maoni na haziwekewi matangazo yanayomfuatilia mtazamaji. Ukikuta maoni wazi, fahamu kwamba video hiyo haikuwekwa katika kundi la watoto. Haimaanishi ni mbaya, ila soma maoni yenyewe: huko ndiko utakakojua mtoto wako anakaa na kina nani. Matangazo ya moja kwa moja waachie wakubwa, kwani tusi likishatoka hakuna wa kulikata.

Toa hukumu. Ziko tatu. *Pitisha* chaneli yenye ulimi safi, inayoeleza inachofanya na isiyoombaomba. *Tazameni pamoja* ile yenye mchezaji mzuri lakini gemu ya kutisha au matangazo mengi. *Kataa* yenye matusi, dharau au kamari, hata kama gemu ni ya miaka 3. Kwa wadogo, YouTube Kids humruhusu mzazi kuchagua mwenyewe chaneli zitakazoonekana. Kwingineko zima uchezaji wa kujiendesha, usije ukapitisha chaneli moja ikavuta kumi usizozijua.

Hukumu hiyo ina muda wake. Watangazaji hukua, hubadili gemu, hupata wadhamini wapya. Rudia kipimo kila muhula wa shule, na umuulize mtoto amejifunza nini kwa mtu huyo. Akikueleza jinsi ya kujenga daraja, chaneli inafanya kazi yake. Akikuomba pesa ya Robux tu, rudi ukasikilize upya.