Kireno na Hadithi ya Ilunga: Hoja kwa Mwanafunzi wa Kamina

Katika masomo ya Kiswahili ya chuo kikuu, Kireno aghalabu hutajwa mahali pamoja tu: katika mhadhara wa maneno ya mkopo. Mwanafunzi huelezwa kwamba meza, bendera, leso na mvinyo ni maneno yenye asili ya Kireno, na kwamba gereza latokana na neno lenye maana ya kanisa. Kisha somo hugeukia Kiarabu. Orodha hiyo ni sahihi, lakini humzoesha mwanafunzi kuiona lugha nzima kuwa ghala la nomino chache za pwani. Kwa mwanafunzi wa Kamina, mji ulio katika nchi ya Waluba, kasoro hiyo ni nzito zaidi, kwa kuwa sehemu ya urithi wake mwenyewe imeandikwa kwa Kireno.

Tuchukue mfano wa Chibinda Ilunga. Masimulizi ya Walunda yanaeleza kwamba mwindaji huyo, mwana wa ukoo wa kifalme wa Waluba, alifika kwa malkia Lueji, akamwoa, na akakabidhiwa lukano, bangili ya utawala. Ndugu zake Lueji, Chinguli na Chinyama, walikataa kutawaliwa na mgeni wakahama. Miongoni mwa waliotangulia kuyaandika masimulizi hayo kwa urefu ni Henrique de Carvalho, afisa wa jeshi la Ureno aliyeongoza msafara wa Lunda kuanzia 1884 hadi 1888, na kuchapisha historia na mila za Walunda mwaka 1890. Karne moja baadaye, Pepetela wa Angola aliirejea hadithi hiyo katika riwaya yake Lueji.

Maandishi haya mawili hayawezi kusomwa kwa jicho moja. Carvalho alikusanya masimulizi wakati Ureno ilipokuwa ikigombea ardhi ya Lunda na Dola Huru ya Kongo ya Leopold II, mzozo uliofikia mapatano ya mpaka mwaka 1891. Hadithi ya mgeni muungwana anayepokewa kwa hiari na kuleta utawala mpya iliridhisha mno masikio ya dola iliyotamani kupokewa vivyo hivyo. Hii haina maana kwamba Carvalho aliibuni. Maana yake ni kwamba msomaji hana budi kuuliza ni kipi kilichokuzwa na ni kipi kilichofifizwa. Pepetela, kwa upande wake, anaisuka hadithi ya Lueji pamoja na ile ya Lu, mcheza dansi wa Luanda anayeshiriki kuandaa onyesho la jukwaani kuhusu malkia huyo. Kinachomshughulisha ni jinsi taifa lililopata uhuru mwaka 1975 na kutumbukia vitani linavyojitafutia asili.

Huenda ikahojiwa kwamba Kifaransa chatosha, maadamu wataalamu wamekwisha kuyafafanua masimulizi haya kwa lugha hiyo. Hoja hiyo haina mashiko. Muhtasari ni uteuzi uliokwisha kufanywa na mtu mwingine. Anayeutegemea hawezi kuuhakiki. Fauka ya hayo, mwanafunzi wa Kamina ana silaha ambayo msomaji wa Lisbon hana: anaijua hadithi ya Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni aliyefika katika nchi ya Nkongolo na kumzaa Kalala Ilunga. Mwindaji mgeni huanzisha ufalme huku na huku. Je, hiyo ni historia iliyojirudia, au ni kiunzi kimoja cha masimulizi kilichovishwa majina tofauti? Swali hilo lamhitaji mtu anayesikia Kiluba, anayesoma Kireno, na anayeweza kuandika hoja yake kwa Kiswahili.

Kwa mintarafu hiyo, mtalaa wa Kireno mahali kama Kamina haufai kuanzia Lisbon. Uanzie Angola, jirani anayepakana na Kongo, na utangulize usomaji wa matini kabla ya mazungumzo ya hotelini. Tangu 2019 Kiswahili kimekubaliwa kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC, kando ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Katika vikao hivyo wakalimani watapatikana. Kwa kurasa za Carvalho na Pepetela zinazomhusu Ilunga, hakuna wa kutusomea ila sisi wenyewe.