Himaya ya Ndahura

Karibu kila kabila lina babu aliyepigana na majirani wote akawashinda. Katika nchi za Maziwa Makuu babu huyo ni Ndahura, Mchwezi aliyeunda himaya ya Kitara. Nimemsoma katika kitabu cha John Nyakatura, Abakama ba Bunyoro-Kitara, kilichotoka kwa Kinyoro mwaka 1947 na kufasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1973.

Kisa chenyewe ni kitamu. Mfalme Bukuku anaonywa na waaguzi kwamba mtoto wa bintiye atamletea balaa, basi anamfungia binti ndani. Isimbwa, mjukuu wa mfalme wa kuzimu, anampata hata hivyo. Mtoto anatupwa mtoni, anaokolewa na mfinyanzi, na akisha kukua anamchoma babu yake mkuki na kukikalia kiti chake. Kisha anateka nchi baada ya nchi.

Je, himaya hiyo ilikuwapo? Wanahistoria wengi wanawaona Wachwezi kuwa mizimu zaidi kuliko wafalme. Ndahura mwenyewe aliombwa wakati wa ndui. Mahandaki ya Bigo, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 10, yapo kweli, lakini hayataji jina la mtu.

Tusiishie hapo, tumtazame na mwandishi. Nyakatura alikuwa chifu wa saza katika Bunyoro iliyokwisha kushindwa. Mfalme wao Kabalega alikamatwa mwaka 1899 akahamishiwa Shelisheli, na nchi zao za kusini Waingereza wakawapa Waganda. Kilima cha Mubende, kinachosemwa kuwa ndiko alikokaa Ndahura, kilikuwa katika nchi hizo. Kwa hiyo kila nchi anayoiteka Ndahura kitabuni ni dai pia. Kura ya mwaka 1964 ilirudisha saza 2, Buyaga na Bugangaizi. Mubende haikurudi.

Hapa namlaumu Nyakatura. Analilia ardhi iliyoporwa, huku akimsifu mporaji mwingine kwa sababu ni babu yake. Watu wa nchi zilizotekwa na Ndahura hawasemi neno.

Lakini namsifu pia, maana hakuficha mwisho. Ndahura alipofika kupigana Ihangiro, ambako leo ni mkoa wetu wa Kagera, giza liliingia mchana, naye akatekwa. Alipookolewa na kurudi, aliona haya kutawala tena. Akamwachia mwanawe Wamara kiti, akaondoka. Mtu wa damu ya kuzimu, aliyependelewa tangu mtoni, alijua aibu. Sijui watekaji wangapi wa kweli waliojua hivyo.

Huku Mbangala nasi tunasimuliwa habari za machifu wa zamani na vita vyao. Nawaomba wazee wetu, wanapowasimulia vijana, wasikomee kwenye ushindi. Wawaeleze pia waliotekwa walisema nini, na chifu alirudije siku aliyoshindwa.