Kitabu kimemwita mbega nyani

Likizo hii ya Desemba namsomea mpwa wangu, anayeingia Gredi ya Kwanza Januari, kitabu cha hadithi tulichonunua Ukunda. Picha ni ya mbega: mweusi, manyoya meupe mabegani, mkia mrefu. Maandishi yasema "nyani". Akanikatiza: "Mjomba, huyu si nyani, ni mbega!" Mtoto wa Diani huyo, huwaona wakivuka barabara juu kwa juu, kwenye ngazi za kamba.

Nyani, tumbili, kima, mbega: Kiswahili kimewatofautisha tangu zamani. Hadithi yenyewe tamu, hilo nakiri. Lakini mhariri aliyeona neno moja latosha amemlazimisha mtoto wa miaka sita achague kati ya kitabu na macho yake. Nimelikata neno kwa kalamu, nikaandika "mbega". Akataka nisome tena tangu mwanzo.