Kichanga, Tifutifu, Mfinyanzi: Istilahi za Udongo na Mahitaji ya Mjenzi

Utatu uliozoeleka vitabuni, yaani udongo wa kichanga, tifutifu na mfinyanzi, ni wa mkulima, mhandisi haumfai. Tifutifu ni mchanganyiko, si kipimo cha chembe. Chembe za kati, za milimita 0.002 hadi 0.063, hazina jina humo, ilhali ndizo zidanganyazo: zikilowa hufanana na mfinyanzi, zikikauka husagika kwa vidole. Kuziita "mchanga laini" ni kosa, maana mchanga laini una daraja lake, hadi milimita 0.2.

"Mfinyanzi" ni istilahi bora kuliko idhaniwavyo. Haitaji ukubwa, bali kazi: udongo ufinyangikao. Mfumo wa Arthur Casagrande, wa miaka ya 1940, nao huzitenga chembe ndogo kwa ufinyangikaji, si kwa chekeche. Mfyatua matofali wa Kampemba, aviringishaye kiganjani "bulongo" wa kichuguu, hufanya jaribio la namna hiyohiyo (bila maabara). Analo pia neno "potopoto", ambalo waunda istilahi wangelitamani. Lakini potopoto ni hali ya maji, si chembe. Pengo la kati halizibwi nalo.